Kuhamisha, mizani au mpaka: tumfundishe mtoto kutolingana kwa njia ipi?

Juzi jioni, mezani kwetu huku Kadutu, Bukavu, binti mmoja wa darasa la 8 alinisogezea kaye yake, yaani daftari. Hesabu ilikuwa hii:

−3x + 7 > 1

Chini yake alikuwa ameandika, kwa mwandiko safi kabisa:

−3x > 1 − 7
−3x > −6
x > 2

"Mama mdogo, mwalimu ameweka msalaba mwekundu, na mimi kosa silioni."

Nikamwambia achague namba yoyote iliyo kubwa kuliko 2, aiweke mahali pa x. Akachagua 5. Hasi 3 mara 5 ni hasi 15. Ongeza 7, inabaki hasi 8. Nikamuuliza: hasi 8 ni kubwa kuliko 1? Akatikisa kichwa. Haya, weka 0. Ikatoka 7, na 7 inazidi 1, wala hakuna ubishi. Lakini 0 haimo kwenye jibu lake. Akaishika biki bila kuandika, akaitazama kaye muda mrefu.

Kosa hilo nimelikuta katika kaye nyingi kuliko kosa lingine lolote la somo hili. Zamani nilidhani mtoto amesahau tu. Siku hizi naamini linatoka kwenye njia aliyoanza nayo. Njia ziko zaidi ya moja, zote ni halali, zote zinafika, lakini hazimfikishi kila mtoto akiwa na akili iliyotulia. Ndiyo maana nataka kuziweka ubavu kwa ubavu, ili mzazi au kaka mkubwa anayekaa na mtoto jioni ajue aanzie wapi.

Kwa asiyekumbuka: mlinganyo, kama 3x = 6, unatafuta namba moja. Kutolingana, ambako kaye ya mtoto hukuita inéquation, kunatafuta kundi zima la namba. Ukisema "x ni kubwa kuliko 2", umezitaja 3, na 10, na 2,5, na 2,01, na nyingine zisizokwisha. Mtoto asiyelielewa hilo atakuuliza kila siku, "Sasa x ni ngapi?" Hapo usiendelee na njia yoyote mpaka alielewe.

Kuandika: uanze na Kifaransa au Kiswahili?

Kabla ya kutatua kuna kuandika, yaani kuligeuza fumbo la maneno liwe alama. Watoto wetu wa Bukavu wanasoma hesabu kwa Kifaransa na kuishi kwa Kiswahili, na kwa somo hili tofauti hiyo ni kubwa kuliko watu wanavyofikiri.

Chukua maneno "au moins 5". Maana yake ni 5 au zaidi. Lakini sikio la mtoto linakamata neno moins, lile lile analolitumia kutoa hesabu na kusoma namba hasi, na mkono unaandika alama ya kupungua kabla akili haijafika. Vivyo hivyo "au plus 5": maana yake 5 au chini, ila mtoto amesikia plus, basi anaandika alama ya kuzidi. Nimeona watoto hodari, wa kwanza darasani, wakinaswa hapo.

Kiswahili chetu hakina mtego huo. Tunasema "isiyopungua 5". Kanusho limo ndani ya kitenzi chenyewe: inaweza kuwa 5, inaweza kupanda, ila haishuki. Tunasema "isiyozidi 5": ikate kuzidi, kinachobaki ni kuwa sawa au kupungua, na hiyo ndiyo ≤. Mtoto anayejua kusema "mzigo usiozidi kilo mia" tayari anaijua alama, amekosa tu sura yake.

Kiswahili nacho kina mahali kinapoteleza. "Hadi 5" au "mpaka 5" haisemi wazi kama 5 yenyewe imo. "Chini ya 5" haiichukui 5, lakini mitaani watu huitumia vyovyote. Kwa hiyo ninapotunga mafumbo nakwepa "mpaka", nabaki na "isiyozidi", "isiyopungua", "zaidi ya" na "chini ya".

Hapa sina wasiwasi na uamuzi wangu: mtoto alisome fumbo kwa Kifaransa kama lilivyo, aandike kwa penseli pembeni neno moja la Kiswahili, "usiozidi" au "isiyopungua", kisha ndipo aandike alama. Mtihani wa taifa wa TENASOSP mwishoni mwa darasa la 8 ni wa Kifaransa, hatuwezi kukikimbia. Lakini hakuna anayemzuia mtoto kufikiri kwa lugha ambayo ndani yake hakosei.

Mfano wa kwetu kabisa. Mashua inayokwenda kisiwa cha Idjwi inabeba mzigo usiozidi kilo 800. Tayari imepakiwa sementi kilo 250. Kila gunia la maharagwe lina kilo 60. Yanaweza kupakiwa magunia mangapi? Mtoto anaandika 60x + 250 ≤ 800. Anaondoa 250, inabaki 60x ≤ 550, anagawanya, x inakuwa isiyozidi 9 na kipande. Jibu ni 9. Hakuna mtu anayepakia kipande cha gunia, na ukipakia la 10 umevuka kipimo cha mashua.

Linganisha na mama anayekaanga vitumbura. Ametumia faranga 9000 kwa unga, mafuta na sukari. Anauza kimoja faranga 200 na anataka faida isiyopungua 5500. Hapo ni 200x − 9000 ≥ 5500, kisha 200x ≥ 14500, x isiyopungua 72,5. Jibu ni vitumbura 73. Kwenye mashua tumeshuka, hapa tumepanda. Mtoto aliyekaririshwa kwamba "kipande hukatwa tu" ataandika 72, na mama atakosa faranga 100 za lengo lake. Mafumbo mawili haya nayatoa siku moja, moja baada ya jingine. Nikiyatenga siku mbili, somo lenyewe linapotea.

Kuhamisha

Hii ndiyo njia ambayo watoto wengi huja nayo kutoka kalasi: kinachovuka upande wa pili hubadili alama. +7 ikivuka inakuwa −7. Ni ya haraka, ina mistari michache, na mwalimu anaposahihisha kaye hamsini anaisoma bila kuchoka. Kwa milinganyo inafanya kazi vizuri sana.

Tatizo lake linaanza kwenye kutolingana, na ni tatizo la lugha kwanza. Darasani kuna sentensi mbili. Moja inasema changer de signe: namba inayovuka inabadili alama yake, ya chanya inakuwa hasi. Nyingine inasema changer le sens: ukigawanya au kuzidisha kwa namba hasi, ile alama ya > inageuka kuelekea upande mwingine. Signe na sens. Kwa mtoto wa miaka 13 anayesikia Kifaransa kwa masaa machache kwa siku, yote mawili ni "kubadilisha". Anajua kuna kitu hubadilika mahali fulani. Kipi, na wapi, hana uhakika.

Matokeo yake nayaona ya aina mbili. Wapo wasiogeuza kamwe, kama binti yangu wa juzi. Na wapo wanaogeuza kila wanapoona alama ya hasi popote. Mpe mtoto wa aina hii 3x > −6, ataandika x < −2, kwa sababu ameiona −6 akaogopa. Lakini aliyegawanya ni 3, namba chanya, hakuna cha kugeuza. Jibu ni x > −2. Ukimuuliza kwa nini amegeuza, atakujibu "kanuni". Kanuni ipi, hawezi kusema.

Siisemi vibaya njia hii. Inafaa kwa mtoto ambaye tayari anaelewa kinachotokea, kama mtu anavyofupisha maneno akiandika ujumbe kwa simu. Ila aliyeanza kwa kifupisho hana kitu kirefu cha kurudia anaposahau.

Mizani

Njia ya pili inasema: unachofanya upande huu, kifanye na upande ule. Mtoto anayetumwa sokoni ameiona mizani ya sahani mbili au amesimuliwa. Sahani moja iko chini, nyingine juu; ukiondoa kilo mbili kila upande, ile nzito inabaki nzito. Kwa hiyo x + 4 < 9, ondoa 4 huku na huku, x < 5. Ukigawa pande zote nusu kwa nusu, nzito bado ni nzito. Hakuna cha kukariri hapo, macho yanaona.

Nguvu ya mizani ni kwamba kila mstari una sababu yake. Udhaifu wake ni mmoja, nao unaangukia hasa pale tunapohitaji msaada: hakuna kilo hasi. Huwezi kuweka sahanini gunia la kilo hasi 3. Mizani inakufikisha −3x > −6, halafu inakaa kimya.

Kwa kipande hicho mimi huwapeleka watoto ziwani. Wakati mwingine kweli kwa miguu, wakati mwingine kwa mchoro tu. Simama ukingoni mwa Kivu asubuhi, maji yakiwa yametulia. Kuna miti miwili, mmoja wa mita 2, mwingine wa mita 5. Juu ya maji, ule wa mita 5 uko juu zaidi. Sasa tazama vivuli vyao majini. Kilele cha ule mrefu ndicho kimezama chini zaidi. Uso wa maji ni sifuri. 2 imekuwa −2, 5 imekuwa −5. Juu tulikuwa na 2 < 5. Majini tuna −2 > −5. Miti ni ile ile, urefu ni ule ule, mpangilio umepinduka. Kuzidisha kwa namba hasi ni kuchungulia majini, basi alama lazima igeuke. Mtoto aliyeiona picha hiyo mara moja hanitaki tena nimkumbushe, na hajichanganyi na −6 iliyokaa pembeni, kwa sababu anajua kwamba kinachogeuza ni kitendo cha kuzidisha au kugawanya, siyo namba hasi kuonekana tu kwenye mstari.

Kuna ujanja mwingine wa mizani ninaoupenda, wa kuikwepa hasi kabisa. Rudi kwenye −3x + 7 > 1. Ongeza 3x pande zote:

7 > 1 + 3x
6 > 3x
2 > x

Hatujagawanya kwa hasi hata mara moja, na jibu limejipanga lenyewe. Linalobaki ni kusoma: 2 ni kubwa kuliko x, yaani x ni ndogo kuliko 2, x < 2. Hapo ndipo wengine huteleza, wanaandika x > 2 kwa sababu wameigeuza sentensi bila kuigeuza alama. Nawaambia waisome kwa sauti kwa Kiswahili kutoka kushoto, kisha kutoka kulia. Alama imefunguka kuelekea kikubwa, popote unapoanza kusoma. Ndivyo ilivyo tangu ilipoonekana katika kitabu cha Mwingereza Thomas Harriot, kilichochapishwa 1631, miaka 10 baada ya kifo chake. Zile zenye mstari chini, za "au sawa", alizileta Mfaransa Pierre Bouguer mwaka 1734, yeye akichora mistari miwili. Watoto hupenda kujua kwamba kuna mtu aliyeketi akabuni alama hizi. Wanaacha kuziona kama amri iliyoshuka.

Mpaka na kujaribu

Njia ya tatu watu wengi huidharau kwa kudhani ni ya watoto wadogo. Inakwenda hivi. Iondoe > kwa muda, weka =. Tatua mlinganyo, jambo ambalo mtoto tayari analijua: −3x + 7 = 1, x = 2. Hiyo 2 ni mpaka. Chora mstari wa namba, weka alama kwenye 2. Mstari umegawanyika vipande viwili, kushoto na kulia, na jibu ni kimoja kati ya hivyo. Kipi? Jaribu namba moja. Mara nyingi 0 ndiyo rahisi: −3 mara 0 jumlisha 7 ni 7, na 7 inazidi 1. Kweli. Basi upande wenye 0 ndio wenyewe, kushoto: x < 2. Mwisho, uliza kama mpaka wenyewe umo: alama ni > tupu, bila mstari, kwa hiyo 2 haimo.

Hakuna kugeuza alama, hakuna signe wala sens. Mtoto anaamua upande kwa kuona ukweli mwenyewe. Na kitu ninachokithamini zaidi ni kwamba njia hii inamlazimisha arudi kwenye swali la mwanzo na kuliuliza linasema nini. Wengi wakiisha kuandika mstari wa pili hawalitazami tena swali.

Ina gharama zake. Ni ndefu. Mwalimu anayetaka hatua za kialjebra anaweza kukata alama. Mpaka ukitokea kuwa 0, mtoto achague namba nyingine, 1 tu inatosha. Na kuna hesabu chache ambazo x hupotea pande zote, kama 2x + 3 > 2x + 1; hapo hakuna mpaka, namba zote zinafaa. Hizo ziache mpaka atulie.

Nampa fumbo hili nione kama ameshika. Una faranga 20000. Kila siku motari anakuchukua 1500 kwenda masomo. Ni siku ngapi unaweza kupanda pikipiki ili zibaki faranga zisizopungua 5000? Tunaandika 20000 − 1500x ≥ 5000. Mpaka: siku 10. Juu au chini ya 10? Hata asiyejua kusoma anajibu: kadiri unavyopanda pikipiki ndivyo makuta yanavyopungua, basi siku zisizozidi 10. x ≤ 10. Sasa mwonyeshe njia ndefu, −1500x ≥ −15000, na jinsi alama inavyogeuka kuwa ≤ baada ya kugawanya kwa −1500. Anaona kwamba kanuni inasema kile kile alichokisema kwa akili ya mfuko wake.

Basi uchague ipi?

Mtoto anayeanza leo: mpaka na kujaribu, kwa siku kadhaa, pamoja na mstari wa namba kila mara. Kisha mizani, pamoja na mfano wa ziwa. Kuhamisha kuje mwisho, kama kifupisho, baada ya kukuonyesha mara tano kwamba anajua kwa nini alama imegeuka. Mpangilio huu ni kinyume cha ule wa kaye nyingi, najua, na bado nausimamia.

Mtoto aliyebakiza majuma mawili kabla ya mtihani na tayari anatumia kuhamisha: usimbadilishie njia. Utamvuruga. Mwongezee kitu kimoja tu mwishoni mwa kila hesabu: achukue namba moja kutoka kwenye jibu lake, airudishe kwenye swali. Ikikataa, kuna mahali hakugeuza, au amegeuza bila sababu. Nusu dakika inatosha.

Na wewe mzazi uliyeacha masomo mapema, au ambaye Kifaransa kimekuponyoka, usiondoke mezani. Kuna maneno mawili unayoweza kumwambia bila kujua hata mstari mmoja wa alichoandika: "Nipe namba moja iliyo ndani ya jibu lako, tujaribu. Sasa nipe moja iliyo nje, tujaribu." Ya ndani lazima ikubali, ya nje lazima ikatae. Kazi hiyo ni kuzidisha na kujumlisha tu, mambo yale yale unayoyafanya kila siku unapouza samaki wa sambaza.

Duara au mabano

Hili ni fupi lakini linawachanganya wanaojifunzia kwenye simu. Video nyingi zinatoka nchi zinazofundisha kwa Kiingereza, na hata hapa jirani, ng'ambo ya mto Ruzizi, nchini Rwanda, wanafundisha hivyo. Huko, x < 2 huchorwa kwa duara tupu kwenye 2, na duara lililojazwa kama ni x ≤ 2. Katika desturi ya Kifaransa na Kibelgiji, ambayo shule zetu zinaifuata, tunatumia mabano ya mraba: x < 2 ni ]−∞, 2[, bano likiipa 2 mgongo, na x ≤ 2 ni ]−∞, 2], bano likiikumbatia. Kwenye kaye ya shule aandike mabano. Duara ni zuri kwa kuelewa, na mtoto anayejua yote mawili hana hasara, mradi ayatenge.

Tofauti nyingine ya desturi hizo mbili: neno positif. Kwa Kifaransa, 0 huhesabiwa ndani yake. "X est positif" ni x ≥ 0, na wakitaka kuiacha sifuri nje husema strictement positif. Kwa Kiingereza, neno lao huiacha nje moja kwa moja. Mtoto akikuta jibu la video linatofautiana na la mwalimu kwa mstari mmoja chini ya alama, mara nyingi sababu ni hiyo, na wote wawili wako sahihi.

Leo usiku jaribuni pamoja hii: 4 − 2x ≤ 10. Tafuteni mpaka kwanza, mtapata −3. Kisha mwekeeni 0: 4 haizidi 10, imekubali, na 0 iko kulia kwa −3. Kwa hiyo x ≥ −3, na −3 yenyewe imo, bano likiikumbatia: [−3, +∞[. Halafu mwache afanye peke yake kwa kugawanya kwa −2, na umtazame usoni anapofika kwenye alama.